Nusu ya Nyumba

Yako makosa ambayo mtu huyatenda kwa dakika moja, kisha huyabeba maisha yake yote. La kwangu linahusu fimbo ya kutembelea, na nimelificha muda mrefu kwa sababu ukilisikia juujuu utacheka.

Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Namtumbo. Siku hizo Namtumbo ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Songea Vijijini. Kuwa wilaya yenyewe kulikuja baadaye. Kaskazini yetu lilikuwa Pori la Akiba la Selous, na kati ya pori hilo na mashamba yetu ya mahindi na tumbaku palikuwa na misitu ya miombo ambayo vijiji vilianza kukabidhiwa kuitunza. Kijiji kilikuwa na askari wake wa wanyamapori, na kila msimu kilipewa mgawo wa nyati wachache wa kuwinda kwa kibali. Nyama iliuzwa kwa wanakijiji kwa bei nafuu, fedha zikaingia katika mfuko wa kijiji. Alihitajika mtu wa kuandika hesabu. Nikachaguliwa mimi.

Kiongozi wa msafara alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Alikuwa ametimiza miaka 60, mwembamba, mwenye maneno machache, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua. Asubuhi ya kuondoka nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanipa fimbo ya mkole iliyofika begani, nyepesi, iliyochongwa mkato mdogo kichwani.

"Baba Mdogo, fimbo ya nini? Mimi sijazeeka."

"Si ya uzee, Mwalimu. Hiyo ni nusu ya nyumba."

Usiku wa kwanza nilielewa. Tulikuwa watu sita, na kila wawili walikuwa na turubai moja. Alisimamisha fimbo yake upande mmoja na yangu upande wa pili, akapitisha kamba katika ile mikato miwili, akaivuta pande zote mbili na kuifunga kwenye vigingi vilivyopigwa kwa kulala, si wima. Turubai likatupwa juu ya kamba, pembe zake zikavutwa chini. Upande uliokabili upepo aliuweka chini kabisa, na upande wa pili akauinua kidogo ili moshi wa moto utufikie na kufukuza mbu. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Nilimwuliza kwa nini tubebe miti kutwa nzima ilhali tumezungukwa na miti. Alinijibu kwamba jioni sauti ya panga husafiri mbali kuliko mtu anavyodhani. Nyati akisikia miti ikikatwa huhama, na kesho utafuata nyayo zake mpaka jua lizame. Tena, tuendako ni mbugani, ambako utapata majani marefu na vichuguu lakini si mti ulionyoka. Fimbo ile ile mchana hukupimia kina cha mto, hukupunguzia uzito wa mzigo, hufungua majani mbele yako ili usimkanyage nyoka. Usiku hukulaza.

Sakafu hapakuwa. Tulitandika majani juu ya udongo, tukachimba mfereji mdogo upande wa mwinuko ili maji ya mvua yapite pembeni. Mwanzoni niliona ni umaskini. Baadaye niliona faida zake: unaingia na viatu vya matope bila kugombana na mtu, na siafu wakija unawaona mapema, unahama. Ukiamka usiku kwa hofu, unatoka upande wowote, hutafuti mlango.

Kwa hiyo, msomaji, siwezi kujitetea kwamba sikuambiwa.

Siku ya pili jua lilikuwa kali, mbung'o wakituuma hata kupitia shati. Vijana wenzangu wawili walianza kunitania. Walisema Mwalimu anatembea kama bibi kizee anayekwenda kliniki. Wao fimbo zao walikuwa wamezifunga kwenye mizigo, kumbe mimi nilikuwa nikiitegemea yangu waziwazi kwa sababu sikuzoea kubeba mzigo. Tulipopumzika kando ya kichuguu kikubwa nilisubiri wote wanyanyuke, nikaiegemeza fimbo pale, nikaondoka mikono mitupu. Nilijisikia kijana tena.

Alasiri tulikuta nyayo mbichi zilizogawanyika. Wanne walifuata njia ya mto, mimi na Baba Mdogo tukaelekea ukingo wa mbuga. Jua lilipokaribia kuzama aliweka mzigo chini, akasimamisha fimbo yake, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Lete yako."

"Ilivunjika, Baba Mdogo. Pale tulipovuka kijito."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ningeweza kusema nimeisahau. Alinitazama kidogo tu, akasema, "Haya." Nikapendekeza tutumie bunduki badala ya fimbo. Akasema bunduki hulala mkononi, haisimamishwi kuwa nguzo. Akafunga upande wa pili wa turubai chini kwenye mawe, likawa kama kofia iliyokaliwa. Tulijibana ndani yake, miguu ikabaki nje.

Usiku wa manane ikaja mvua ya kwanza ya Novemba, na upepo. Kitambaa kilichokosa mteremko hukusanya maji. Kilijaa tumbo, kikatulalia usoni, maji yakaanza kuingia. Ndipo Baba Mdogo akaketi, akaingiza kichwa na bega chini ya upande ule uliolala, akauinua. Maji yakamwagika nyuma yake. Akabaki hivyo. Nilimwambia tupokezane, akasema, "Lala, wewe una hesabu kesho." Sikulala, lakini sikuinuka pia. Nilijua nimekaa chini ya nini, na nilijua kwa nini.

Asubuhi goti lilikuwa limevimba. Hata hivyo tulifuata nyayo, na kabla ya saa nne nyati alianguka. Wenzetu waliposikia mlio walikuja, tukakata nyama, tukaibanika juu ya uchanja siku nzima, nami nikaandika hesabu yangu safi katika daftari.

Tulirudi kwa njia ile ile. Tulipofika kwenye kichuguu, Baba Mdogo aliacha njia akichechemea, akaichukua fimbo yangu ilipoegemea, akanipa. Hakusema neno, na wale vijana hawakuelewa kitu. Nilitamani anikaripie. Mtu akikukaripia mnakuwa mmemaliza. Yeye aliniachia deni.

Msimu uliofuata hakwenda tena porini. Watu walisema ni umri. Huenda ulikuwa umri kweli, lakini mimi sikuwaambia habari za usiku ule, wala sikumwomba radhi. Nilikuwa nikingoja nafasi nzuri, na nafasi nzuri nilizipata nyingi, tukiwa tumeketi wawili barazani kwake. Alifariki kabla sijazitumia.

Sasa nami nina goti linalouma. Mwaka jana mpwa wangu, anayebeba mizigo ya watalii Kilimanjaro, aliniletea fimbo mbili za alumini zinazojikunja. Alinieleza kwa furaha kwamba huko ng'ambo wawindaji na wapanda milima husimamishia fimbo kama hizo turubai jepesi lisilo na sakafu, wapunguze mzigo. Alidhani ananipa habari mpya. Nilicheka, kisha nikamsimulia yote, pamoja na uongo wangu.

Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa Mjomba, ulimwambia lini?"

Nikamwambia sikumwambia. Akaitazama fimbo ya mkole iliyo pembeni ya mlango wangu, akaacha kuuliza. Zile za alumini natembelea moja, ya pili nimempa jirani. Ya mkole situmii.