Binti Yangu Anataka Kuwa Mchungaji

Desemba iliyopita nilikwenda likizo kijijini kwetu wilayani Iramba. Mama yangu mzee alinipokea kwa lalamiko moja: tangu Pasaka hajashiriki Chakula cha Bwana. Si kwamba kanisa limefungwa. Kila Jumapili kengele hulia, na mwinjilisti huongoza ibada, hufundisha vijana wa kipaimara, huwatembelea wagonjwa na kuzika wafu. Lakini Meza ya Bwana, kwa utaratibu wetu Walutheri, huhudumiwa na mchungaji aliyebarikiwa, naye ni mmoja kwa mitaa kadhaa. Zamu ya mtaa wetu ilipowadia, aliitwa msibani kwingine. Ilipowadia tena, pikipiki ikaharibika njiani.

Nilimjibu mama kwamba vijana hawana budi kuitikia wito. Nikapanda basi kurudi Dar es Salaam, nimeridhika kabisa na jibu langu.

Mwaka huu binti yangu alimaliza kidato cha sita. Jioni moja akaniambia, "Baba, nataka kusomea uchungaji Makumira."

Ndugu msomaji, sikufurahi. Mimi nilikwisha kumpangia uhasibu.

Chuo kile kilichoko karibu na Arusha kimekuwa kikifundisha wachungaji mahali pale tangu mwaka 1954, kabla hata makanisa saba hayajaungana mwaka 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Leo kanisa hilo lina waumini zaidi ya milioni 7, na kila mwaka wanazaliwa wa kubatizwa. Wala siwezi kusingizia kwamba binti yangu ni mwanamke, kwani mlango huo ulifunguliwa mwaka 1990 Mkutano Mkuu ulipokubali wanawake wabarikiwe, na dayosisi zikaanza kuwapokea moja baada ya nyingine. Mama zetu walikuwa wamekwisha kubeba kanisa miaka mingi kwa kwaya na kwa sufuria.

Hofu yangu ni ya tumbo, nami nasema kweli. Riziki ya mchungaji wa shamba hutoka katika sadaka na mnada wa mazao. Mvua ikikosekana, kikapu cha sadaka nacho huwa chepesi. Nawafahamu wachungaji wanaofuga kuku ili wapate ada za watoto. Hayo yote nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza:

"Sasa Baba, Bibi amngojee mtoto wa nani?"

Sikuwa na jibu, nikajifanya natafuta miwani.

Barua ya kuomba usharika umpendekeze kwa dayosisi ameiandika kwa mkono wake, wala hakuipeleka kwa siri. Ameiweka mezani, chini ya kibakuli cha sukari, akaomba niisome kwanza. Leo ni siku ya nne. Mama bado hajaambiwa.