Sasa au Baadaye

Kuna swali ambalo kompyuta hupenda kuuliza: niapdeti sasa au baadaye? Lisome tena. "Hapana" haimo. Unaruhusiwa kuchagua saa tu.

Mdogo wangu anajitafutia riziki kwa kuandika maneno ya rekodi za sauti. Anasikiliza, anachapa, anatuma. Kila faili ina saa yake ya mwisho, na intaneti anainunua kwa bando. Usiku mmoja laptopu yake ilishusha apdeti bila kumwambia.

"Sista, hii kitu imekula bando yote," akasema. "Nazima apdeti milele."

Hasira yake niliielewa. Anayeunda programu akiwa na intaneti ya ofisi hahisi uzito wa gigabaiti mbili. Sisi tunauhisi, tena kwa shilingi. Halafu kuna ile dharau ndogo: mashine umenunua wewe, lakini ufunguo anao mwingine.

Malalamiko haya si ya kwetu pekee. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, wenye toleo la Home hawakupewa njia ya wazi ya kukataa masasisho. Mwaka wa 2016, mwanamke mmoja wa California alilipwa dola 10,000 baada ya kuishtaki Microsoft, akisema kompyuta ya biashara yake iliharibika ilipojaribu kuhamia Windows 10 bila idhini yake. Ilibidi tufike 2019 ndipo watu wa Home wakapata kitufe cha kusimamisha masasisho, hadi siku 35.

Ila hilo neno "milele" lilinitia wasiwasi. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja ndani ya Windows. Miezi miwili baadaye WannaCry ikapenya kwenye tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya watu na kudai pesa. Uingereza, hospitali ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo tayari. Kompyuta nyingi hazikuwa zimeimeza.

Na kumeza kila kitu papo hapo nako kuna balaa lake. Julai 19, 2024, faili moja mbovu ya CrowdStrike ilijisambaza yenyewe ikaangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows. Ndege zikakwama. Hakuna mwenye kompyuta aliyeulizwa.

Kwa hivyo sitaki vita na apdeti. Ninachotaka ni zitenganishwe. Kiraka cha usalama ni kama fundi wa kuziba bomba linalovuja: aje haraka. Toleo jipya lenye sura mpya ni fundi anayetaka kuhamisha jikoni. Huyo abishe hodi, angoje jibu. Ubuntu hukaribia hapo: kwa kawaida huweka viraka vya usalama yenyewe, lakini kuhamia toleo jipya hukuachia wewe.

Nilimwambia mdogo wangu hivyo. Tukafungua mipangilio, tukaiambia laptopu kwamba hotspoti ya simu yake inalipiwa, isishushe mambo mazito huko. Siku hizi kila Jumapili anaibeba hadi kwa shangazi, mwenye Wi-Fi, aisasishe akiwa amekaa naye.

Shangazi anadhani anapendwa. Hatujamrekebisha.