Capel Celyn, kijiji kilicho chini ya maji

Juma hili twende mbali kidogo, mpaka Wales, inchi ndogo iliyo jirani na Uingereza, chini ya mfalme mmoja. Wakaaji wake wana luga yao, Kiwales, isiyofanana na Kiingereza.

Kaskazini mwa Wales, karibu na mji mdogo wa Bala, mto Tryweryn unapita katika bonde. Juu yake unasimama mlima Arenig Fawr, wenye metre 854. Mvua ni nyingi na baridi ni kali, kwa hiyo watu wanafuga kondoo kuliko kulima. Hapo palikuwa kijiji cha Capel Celyn: kanisa, masomo, posta, makaburi na nyumba chache. Wamama walilea watoto kwa Kiwales, na mwalimu aliwafundisha kwa Kiwales.

Mji mkubwa wa Liverpool, ulio Uingereza, ulitafuta maji. Wakubwa wake walichagua bonde hilo, wakapeleka shauri moja kwa moja kwenye bunge la London. Novemba 1956, wanakijiji walikwenda Liverpool pamoja na watoto wao, wakatembea barabarani na mabango. Haikusaidia. Mwaka 1957 bunge lilikubali, ingawa hakuna hata mbunge mmoja wa Wales aliyepiga kura ya kukubali.

Mwaka 1963 masomo na kanisa vilifungwa. Jamaa fulani waliomba wafu wao wahamishwe. Makaburi mengine yalifunikwa kwa sima. Katika watu 67, 48 walipoteza makao. Mwaka 1965 ziwa lilizinduliwa. Mwaka 2005, miaka 40 baadaye, Liverpool iliomba musamaha.

Jua likikausha ziwa, mawe ya kijiji yanaonekana tena. Na kwenye ukuta mmoja wa zamani, kando ya barabara mbali na pale, kuna maneno yaliyoandikwa kwa rangi: “Kumbukeni Tryweryn.” Yakifutwa, watu wanayaandika upya.

Wengi wetu pia tumeacha vijiji nyuma. Watoto waliozaliwa mjini, je, wanajua jina la mto ambapo bibi yao alichota maji? Jioni moja tuwatajie mto, kilima na mahali walipozikwa wazee. Aliye na kalamu aandike. Bibi akiondoka kabla hatujamuuliza, hakuna jua litakaloturudishia majina hayo.