Tulimtafuta babu, tukamkuta nyanya



Katika jamaa yetu ya Kasongo, kila matanga wazee wanahesabu ukoo. Mwaka huu, kwenye matanga ya baba mkubwa, walihesabu tena: baba yetu, babu, baba yake, babu yake, mpaka yule wa kwanza aliyetoka pwani na msafara wa pembe za ndovu, wakati Tippu Tip alipokaa Kasongo. Wanaume watano. Sisi dada watatu tulikuwa jikoni tukisikiliza. Mdogo wetu akauliza kwa sauti: «Na huyo wa kwanza, alizaa na nani?» Wazee wakanyamaza.

Kesho yake tulichukua daftari, tukaenda kwa nyanya, dada ya marehemu babu yetu, mwenye miaka zaidi ya 80. Alisema: «Alikuwa Mgenya, mtu wa mto. Walimkamata upande wa Nyangwe akiwa msichana. Hakuolewa, alinunuliwa. Mimi nililelewa na binti yake, ndiye aliniambia.»

Tulishikwa na baridi. Nyangwe tunaifundisha darasani: soko kubwa kando ya Lualaba, ambako wanawake walileta samaki, mafuta na vyungu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara walipiga bunduki katikati ya soko hilo. Livingstone alikuwapo, akaandika jinsi wanawake wengi walivyokufa, wengine kwa kuzama mtoni. Miaka yote tulifundisha habari hiyo kama habari ya watu wengine.

Kaka yetu alikasirika. «Msiandike! Mnataka watoto wetu waitwe wazao wa mtumwa?» Tulimheshimu, tukafunga daftari juma zima.

Lakini tulikuwa tunajiuliza: aibu ni ya nani? Ya msichana aliyekamatwa, au ya waliomkamata? Mwanaume alileta Kiswahili na jina la ukoo, navyo tunajivunia. Lakini kwetu mama akijifungua, chakula chake cha kwanza ni samaki wa mto, na mwanamke ndiye humpikia. Desturi hiyo haikutoka pwani. Mtu aliyenyang'anywa watu wake aliwaachia watoto wake kitu alichoweza kuokoa.

Basi tuliandika, juu kabisa, kando ya jina la mwanaume: «Mwanamke Mgenya, wa mto. Jina limepotea.» Nyanya alituomba tusome mara mbili. Kaka hajakuja kuliona daftari, tunamngoja.

Wamama, tunawaomba jambo moja. Msingoje matanga. Juma hili mwende kwa mzee mwanamke wa jamaa yenu, mumuulize jina la mama yake, na la mama ya mama yake, na mahali walipotoka. Muandike siku hiyohiyo. Majina ya wanaume yana watu wa kuyahesabu. Ya wanawake yanatungojea sisi.