Caravelle Iliyoishia Gisenyi

Ndege aina ya Caravelle ilipaa kwa mara ya kwanza mjini Toulouse, Ufaransa, tarehe 27 Mei 1955. Injini zake za jeti ziliwekwa mkiani badala ya mabawani, na madirisha yake yalikuwa ya pembetatu. Zilitengenezwa chini ya 300. Moja kati ya hizo, yenye usajili wa Swaziland 3D-KIK, ilimaliza safari zake hapa kwetu Gisenyi mwezi Agosti 2004, ilipopitiliza mwisho wa njia ya kurukia. Ilikuwa miongoni mwa Caravelle za mwisho duniani kufanya kazi.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikiiunda upya ndege hiyo kwenye kompyuta, kwa ajili ya FlightGear, programu ya bure inayoiga urubani. Wenzangu huniuliza kwa nini nisichukue Caravelle iliyokwisha kuundwa na wengine, nikaipaka rangi tu. Sababu ni kwamba hii haikuwa Caravelle ya kawaida. Ilikuwa ya toleo la 11R, na za toleo hilo zilitengenezwa sita tu. Caravelle za mwanzo zilitumia injini za Rolls-Royce; 11R ilitumia injini za Pratt & Whitney za Marekani. Kiwiliwili chake kilirefushwa kwa karibu mita moja, na upande wa kushoto, mbele, kuliwekwa mlango mpana wa shehena. Ukibadili rangi tu, umemvika mtu nguo za ndugu yake.

Vipimo vya aina hiyo vimo vitabuni. Visivyomo ni jinsi ndege hizi zilivyofanya kazi huku kwetu. Kwa hilo nilihitaji mtu wa Goma. Rafiki yangu anayeishi huko alinitafutia mzee aliyepakia na kupakua ndege kwa miaka mingi, Caravelle zikiwemo, naye akakubali tukutane Grande Barrière, pale Goma na Gisenyi zinapopakana kando ya Ziwa Kivu. Alipokwisha kuvuka, tuliketi kivulini upande wa Rwanda nikafungua kompyuta.

Aliitazama ndege kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, mizigo unaanzia wapi?"

Nikamwonyesha sehemu ya programu inayopokea uzito.

"Sisi tulijaza mbele kwanza," akasema. "Kushusha, tulianza nyuma. Ukigeuza, pua inainuka, mkia unakaa chini, na watu wako ndani."

Vitabu huliita jambo hilo kitovu cha uzito. Ndege yenye injini mkiani huwa nzito nyuma hata ikiwa tupu, kwa hiyo mahali pa mzigo ni muhimu sawa na kiasi chake. Mzee aliyajua hayo bila kuona mchoro hata mmoja. Nikamuuliza gunia lilikuwa na kilo ngapi.

"Karatasi ilisema hamsini," akacheka. "Mgongo ulisema mengine."

Jibu hilo si la kuchekesha tu. Gisenyi na Goma ziko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko pwani. Bawa linalokata hewa nyepesi huinua kidogo, hivyo ndege hukimbia zaidi kabla ya kupaa, na hugusa ardhi kwa kasi zaidi inapotua. Njia ya Gisenyi ni fupi, takribani kilomita moja. Ya Goma ilikuwa ndefu, lakini tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika karibu theluthi yake. Kila kilo isiyoandikwa ililipiwa kwa mita za njia.

Kuna wanaosema usahihi ni kufuata nyaraka za kiwanda, basi. Nawaheshimu, kwani bila nyaraka hizo nisingeanza. Lakini zinaeleza ndege mpya ilivyotoka Toulouse. Ile iliyofika Gisenyi ilikuwa imefanya kazi zaidi ya miaka 30, na waliojua tabia zake ni waliozibeba shehena zake. Kiwanja cha Goma kimefungwa kwa safari za kawaida tangu mji ulipotekwa na M23 Januari 2025. Mzee hana tena ndege ya kupakia, wala kijana wa kumrithisha kazi. Wenzake wengi, aliniambia, wamekwisha kufariki au kuhama.

Kwa hiyo nimeweka machaguo mawili ya mzigo: uzito wa karatasi na uzito wa mgongo. Rubani atachagua. Ila katika yote mawili, injini hazitawaka mpaka aipakie ndege mwenyewe, akianzia mbele.