Namba moja ya chama ina thamani gani?

Walinzi, mayaya na watunza bustani wa barabara yetu hapa Karen wana chama cha watu 12. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja hutoa shilingi 1,000, na mmoja wao hubeba zote 12,000. Sasa wanaanza mzunguko mpya, na mlinzi wa geti letu ameniuliza, mimi mtu wa kompyuta, kama ni kweli anayechomoa karatasi kwanza ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupata namba moja. Ana karo ya kulipa muhula huu, kwa hiyo hakuwa anatania.

Si kweli. Wa kwanza ana nafasi 1 kati ya 12. Wa pili anaipata ikiwa tu wa kwanza ameikosa: 11/12 mara 1/11, yaani 1/12 vilevile. Endelea hivyo hadi wa mwisho. Hakuamini, basi nikaandika programu ya mistari kumi ikapiga kura hiyo mara 100,000. Kila mtu akatoka na karibu asilimia 8.3. (Kompyuta huaminiwa kuliko kalamu, sijui kwa nini.)

Haya, nafasi ni sawa. Thamani je? Akipata namba 12, karo ataikopa kwa simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Chukua kiwango hicho, kisha kopa upya kila mwezi ili ulipe deni la mwezi uliopita. Baada ya miezi 11, shilingi 12,000 zimekuwa 26,587. Wengi huzidisha tu 7.5 kwa 11 wakapata 21,900. Hizo 4,687 zilizobaki ni riba iliyozaa riba.

Geuza hesabu: kwake yeye, 12,000 za mwezi wa 12 ni sawa na 5,416 za leo. Kwa yaya anayeweza kukopa kwenye sacco kwa asilimia 1 kwa mwezi, ni 10,756. Kwa hiyo namba moja inamfaa mlinzi kwa 6,584 zaidi ya namba 12, na yaya kwa 1,244 tu. Yaya akiichomoa, mlinzi akampa 2,000 wabadilishane, wote wawili wamefaidika.

Nimewapa hesabu yote kwenye karatasi. Mweka hazina anasema kubadilishana zamu kunaruhusiwa, kuuziana hakuruhusiwi. Watalijadili Jumapili.