Shajara ya Namanga

Jumamosi, 6 Machi 2021
Tangu jana Nairobi imepiga marufuku, kwa barua, mahindi ya Tanzania na Uganda. Sababu iliyotajwa ni sumukuvu. Malori yamejipanga barabarani hapa mpakani, na madereva wananipigia simu kana kwamba barua ile niliandika mimi. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki tunao tangu 2005, soko la pamoja tangu 2010. Vyote havikufua dafu mbele ya barua.

Jumatatu, 8 Machi
Mvua imenyesha usiku. Dereva aliyepakia Kibaigwa kanifunulia turubai, nikachoma gunia kwa bambo. Punje zikateremka kiganjani, zina uvuguvugu. “Kaka, ghalani yalitoka makavu kabisa,” akasema. Namwamini. Kuvu hupenda joto na unyevu, na foleni hii inatoa vyote viwili bure. Tukizidi kukaa, mahindi yataharibikia hapahapa, kisha tuambiwe: si tulisema?

Alhamisi, 11 Machi
Zuio limeondolewa jana, masharti yamebaki. Waagizaji wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Namba hiyo si ngeni: imo katika kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki tulichokikubali sote. Ugomvi basi si wa namba, ni wa nani kapima na kwa muhuri wa nani. Mzigo uliopimwa huku unatakiwa upimwe tena ng’ambo, na gharama inamrudia mkulima kwenye bei ya gunia.

Jumatano, 5 Mei
Rais Samia yuko Nairobi, leo kahutubia Bunge la Kenya. Huenda mambo yakalainika. Lakini biashara inayongoja marais wapatane itakwama tena siku watakapokosana. Wazee wa hapa hawajasahau: Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka huu ukakaa umefungwa hadi 1983.

Itifaki ya umoja wa fedha ya 2013 inataka sarafu moja ifikapo 2024. Mimi ningeanza na dogo: cheti cha Arusha kipokelewe Nairobi, cha Kampala kipokelewe Arusha, bila kupima upya, na anayetilia shaka athibitishe kwa sampuli, si kwa kufunga barabara. Nchi isiyoamini kipimo cha mahindi cha jirani haitakubali kuchanga naye benki kuu.